Otilia Amepakwa

Jumatatu, 10 Novemba 1997

Picha ya kifua ya Otilia imerudi. Madoa yamepungua! Niliishika mbele ya dirisha, nikaigeuza, nikaigeuza tena, nikidhani wamenipa ya mtu mwingine. Ni yake. Yale madoa yaliyokuwa makubwa kama punje za mahindi sasa ni ulezi. Na kipimo cha mkojo kinafifia. Ni kipimo kilekile cha mimba, maana ugonjwa wake ulianzia kwenye mimba zabibu, ile inayoota vishada vya malengelenge badala ya mtoto, na mwili bado unajidanganya kwamba una mtoto. Mizunguko miwili tu ya dawa ya manjano!

Saratani zinazopona kabisa ni chache. Hii ni mojawapo. Nimempumzisha kidogo kwa ajili ya vidonda vya mdomo, mzunguko wa tatu unaanza tarehe 24. Hapo hakuna kuruka wala kuchelewa. Akiruka, ugonjwa unarudi na hasira, na safari hiyo dawa hii hausikii.

Nilitaka kumwambia mtu. Daktari Isdori, mganga mkuu wetu, yuko kikaoni. Nesi wa zamu akasema hongera, akaendelea kukunja shuka. Nikarudi nyumbani Izia nikaziambia sufuria.

Nilisoma Budapest, nikafanya kazi Dar, nikaomba mwenyewe kurudi kwetu Ufipa. Wenzangu walidhani nimeugua. Mkoa mzima daktari wa saratani ni mimi peke yangu. Nikifanya vizuri hakuna anayejua. Nikikwama hakuna wa kumuuliza. Na mtaani wananiita Mama Daktari — mama wa nani?

Umeme hakuna. Mshumaa umebaki kipande.


Jumatano, 12 Novemba

Mama Sayi amekuja na majani yake. Wodini wanampisha njia. Jina lake Kabula, mganga wa kienyeji, Msukuma wa Kasense. Wasukuma walihamia huku na ng'ombe wao miaka ile, na leo hata Wafipa wenye rozari shingoni wanaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Nami niliingia, ila kwa mlango wa mbele. Nilichoka kupokea wagonjwa waliokwisha kunywa mizizi wasiyoitaja.

Mapatano yetu ni mepesi. Siku za sindano mizizi yote nje, kwa sababu ini ni moja. Sindano zikiisha, maji ya majani yake kwa kichefuchefu, na ya kusukutua mdomo. Nimeyaonja mwenyewe, machungu mno, lakini Otilia ameanza kula. Mimi siruhusiwi kusema "majani tu". Yeye haruhusiwi kusema "nimemponya" kabla sijapima. Tunagombana sana. Ndiye mtu ninayeongea naye zaidi katika mji huu.

Daktari Isdori kaniuliza lini nitaanza kuvaa kaniki ya waganga. Wote wakacheka. Nami nikacheka, ili iishe.


Ijumaa, 14 Novemba

Mdomo wa Otilia umepona karibu wote. Lakini halali. Mama yake, anayelala chini ya kitanda kwenye mkeka, ameninong'oneza kwamba usiku mwanawe anazungumza na ukuta.

Nikakaa naye. Akaniuliza amemkosea nani hata akapewa zabibu badala ya mtoto. Nikaeleza mambo ya mbegu na yai. Alinisikiliza kwa adabu. Adabu ya kwetu — unatikisa kichwa mpaka msemaji achoke! Nilipomaliza akauliza tena, swali lilelile.

Kwa mapafu ninayo dawa. Kwa tumbo, Mama Sayi. Kwa hili sina kitu. Ninalo jarida alilonitumia rafiki wa Dar, lina habari za hospitali moja ya Ulaya ambako daktari, mpishi na padri hukaa meza moja kupanga tiba ya mgonjwa mmoja. Mwili, chakula, roho. Nimelisoma mpaka limekatika kurasa. Meza moja! Mimi nakula peke yangu kila siku, wivu umenishika kwa ile meza kuliko kwa mashine zao zote.

Mbili ninazo. Bado ya tatu.


Jumapili, 16 Novemba

Baada ya Misa nilimsubiri Padri Zenon, paroko msaidizi, kijana, seminari bado inamnukia. Nikamweleza habari za Otilia. Alifurahi kweli. Alisema mafuta matakatifu ya wagonjwa si ya wanaokufa, hayo ni mawazo ya zamani, Kanisa lilikwisha kurekebisha. Ni ya kumtia mgonjwa nguvu! Nikasema ndiyo hasa ninachotafuta. Kesho saa kumi jioni.

Nimemuuliza Otilia kama angependa Padri aje amwombee. Kasema ndiyo, na kwa mara ya kwanza kaniangalia usoni. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiimba. Mvua imeninyeshea, sikujali.


Jumatatu, 17 Novemba

Imefanyika. Vizuri mno!

Padri alipotoa kile kichupa, wodi nzima ilinyamaza. Mwanamke wa kitanda cha jirani akazima redio. Mama yake Otilia akapiga magoti, akajifunika kanga usoni. Otilia akanyoosha mikono yake mwenyewe, viganja juu, akatulia kabisa. Baltazari, mumewe, akaingia katikati ya sala na kopo la uji. Akavua kofia. Akaliweka kopo chini taratibu, akarudi nyuma hadi ukutani. Heshima ile! Machozi yalinilenga.

Nilijisifu. Naandika ukweli, nilijisifu. Nikaona meza yangu imetimia miguu.


Jumanne, 18 Novemba

Wamemchukua.

Asubuhi nafika, mkokoteni wa ng'ombe uko langoni, umetandikwa nyasi na godoro. Baltazari na baba zake wadogo wawili, wamevaa makoti. Wakachuchumaa, wakanisalimia kwa kupiga makofi polepole, ile salamu ya kwetu ya heshima. Baltazari akanikabidhi kuku, tetea mwekundu, amefungwa miguu.

"Daktari, tunashukuru," akasema. "Umetuheshimu. Wengine wangetuacha tumngoje hapahapa mpaka mwisho. Wewe umetuambia kwa adabu."

"Nimewaambia nini?"

Wakatazamana. Yule mkubwa wa baba wadogo akasema, "Padri alikuja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikaanza kusema — hapana, hafi, anapona! Nikakimbia kuleta picha ya kifua, nikawaonyesha madoa ya mwanzo na ya sasa. Wakaipokea kwa mikono miwili. Wakaitazama kama watu watazamavyo picha ya marehemu, wakanirudishia, wakanipa pole. Mimi! Walinipa pole mimi! Kadiri nilivyopaza sauti ndivyo walivyonihurumia. Waliona daktari amempenda mgonjwa wake, hawezi kukubali. Ya mdomoni wangeweza kuyabishia. Ya mafuta hawabishi.

Na mimi nilijua. Hili ndilo linaloniuma. Si mgeni hapa, nimezaliwa hapa! Padri alipokuja kumpaka Baba, wanawake walibandika maji ya kumwoshea maiti kabla Padri hajafunga begi lake. Hakuna aliyeona ajabu. Mtoto yeyote wa Ufipa anajua maana ya Padri na kichupa. Nikadhani mambo yamebadilika kwa sababu jarida na Padri wamesema.

Nilimwomba Otilia ruhusa ya sala. Mafuta sikuyataja.

Alikuwa ameshafunga furushi lake. Nikamuuliza kama anataka kwenda. Akajibu kwa upole, macho chini, "Nimeshapakwa, Daktari." Mama yake hakulia. Alikuwa ameshalia jana, chini ya ile kanga, na mimi nikaona ni ibada.

Kuku yuko jikoni. Siwezi kumchinja.


Alhamisi, 20 Novemba

Nimeomba gari niende kijijini kwao. Daktari Isdori kasema mgonjwa ana haki ya kuondoka, na gari liko kwenye chanjo. Halafu hakujizuia — ulianza na majani, ukaja na mafuta, kesho utatuletea nini? Nikabamiza mlango. Nikasahau mwavuli. Ikabidi nirudi, nibishe hodi, niuchukue, nitoke tena. Kimya kimya.

Kuku ametaga juu ya majarida yangu. Yai moja. Nimelila.


Jumamosi, 22 Novemba

Kasense kwa Mama Sayi. Anazo habari zote, wameshampelekea. Nilitaka twende naye kwa Otilia, sisi wawili. Nilikuwa na hakika atakubali.

Amekataa! Tena kwa ukali. Alisema hawezi kukanyaga nyumba ya mtu aliyekwisha kuagwa. Otilia akifa, hata kwa homa tu, itasemwa ni mizizi ya Msukuma, na hapa wao ni wageni, wana watoto na ng'ombe. Nikamwambia hafi, nimempima. Akasema, "Wewe wakikuchoka watakuhamisha mkoa. Sisi watatuchomea nyumba."

Nikasema basi mapatano yetu yameishia hapo? Akaendelea kupepeta. Nilipofika mbali akanifuata, akanipa kifungu cha yale majani ya kusukutua, akarudi. Nilikaa kando ya njia pale, nikalia kama mtoto. Watu wa Kasense wakapita na majembe yao wakanisalimu shikamoo. Nikawaitikia marahaba huku kamasi zinanitoka.


Jumapili, 23 Novemba

Padri Zenon kahubiri juu ya mafuta ya wagonjwa. Kaeleza vizuri, kwa mifano. Watu wakatikisa vichwa. Nje, wazee wawili mbele yangu walikuwa wakisifu mahubiri, kijana anajua kusema, na wakaulizana yule mke wa Baltazari maziko ni lini, maana mbegu ziko mlangoni zinangoja kupandwa.

Padri akanijia, uso umemshuka. Kasema hakuna sakramenti ya kufuta sakramenti. Anataka kwenda mwenyewe kuwaeleza. Nikamshika mkono mbele za watu — usiende, Padri! Wakikuona mara ya pili kwenye njia ile watachimba kaburi kabisa. Tukasimama pale mvuani. Yeye naye hana wa kula naye, nadhani. Sikumkaribisha. Nilikuwa na hasira naye na sina haki.


Jumatatu, 24 Novemba

Leo ndiyo siku.

Kitandani kwake amelazwa mtu aliyevunjika mguu. Dawa ya manjano iko kabatini. Nimefungua kabati mara nyingi bila sababu.


Jumanne, 25 Novemba

Loth, mnunuzi wa mahindi kutoka Mbeya, anapeleka lori kesho njia ya Matai, inayopita karibu na kijiji cha Otilia. Tangu mahindi yawe ruksa kuuzwa kwa yeyote, malori yanafika hata kule gari la hospitali lisikofika. Redio inasema mvua hizi ni za elinino na zitazidi. Loth anasema daraja likiondoka, hatarudi mpaka Pasaka. Atanichukua. Kaniuliza kama nakwenda mazikoni. Nikasema nakwenda kazini.

Nimefunga sindano, dawa, kipimo, majani ya Mama Sayi. Likizo nimeandika mwenyewe na kuisukuma chini ya mlango wa Isdori. Atakavyo.

Na kuku. Nimemfunga miguu. Zawadi ya kwetu hairudishwi. Kuirudisha ni kumwambia mtu shukrani yako siitaki. Basi! Ndivyo ninavyotaka kusema.


Jumatano, 26 Novemba

Naandikia nyumbani kwa Baltazari, kwenye kigoda, mchana huu. Lori lilitushusha barabarani, nikapanda kilima kwa miguu na begi na kuku. Matope mpaka magotini.

Ndugu wako uani, wengi, wamekaa kwa utaratibu wa msiba, ila hakuna aliyekufa. Chakula kinapikwa kwenye sufuria kubwa. Waliponiona wakasogea wanipishe nafasi kwa wafiwa wa karibu. Nilikaa! Ningefanyaje?

Otilia yuko ndani, kwenye mkeka. Nilidhani nitamkuta hoi. Ana afya kuliko alivyotoka kwangu! Midomo safi, macho meupe. Anakula ugali. Mama yake kanivuta kando na kunong'ona, kwa aibu, kwamba jana amekula mara mbili. Kama vile mtoto amefanya utovu wa adabu. Ndugu wametoka mbali, mashamba yao yanangoja, na aliyepakwa anaomba mboga.

Lakini chumba — ni kitupu. Kanga zake kawagawia wadogo zake. Vyungu kwa mkwe. Masufuria ya harusi kwa shangazi. Jembe, la kwake mwenyewe, lenye mpini aliouzoea, limekwenda kwa dada yake Debora, ng'ambo ya kijito. Kaaga kila mtu kwa jina. Kasamehe na kasamehewa. Amebaki na gauni alilovaa na mkeka.

Nilimweleza kila kitu. Kosa ni langu, Padri nilimwita mimi, si kwa sababu ya kifo. Nikasema, ukichomwa sindano hizi utapona. Akanisikiliza kwa ile adabu. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea.

"Najua sifi, Daktari. Nimejua tangu juzi. Njaa inaniuma." Akatazama mlango. "Lakini nitawaambia nini? Nianze kupita nyumba hata nyumba nikidai vyungu?"

Nimesoma vitabu vya saratani kwa lugha tatu, na hamna ukurasa wa aibu ya kutokufa.

Anaona aibu kuliko anavyoogopa. Baltazari anaona aibu. Ukoo mzima. Itakuwa kama alidanganya, kama alitaka kuagwa bure. Watoto watamwimba njiani. Nikamwambia heri kuimbwa. Ni rahisi kwangu kusema, mimi siimbwi na mtu.

Nikamfungua kuku miguu, nikamweka mkekani. Nikasema, "Huyu nimemrudisha. Nilipewa kwa kazi ambayo sijaimaliza."

Otilia akamtazama. Kisha akamnyakua! Akampapasa mbawa, akamwambia kwa Kifipa maneno ambayo huwezi kumwambia ila kuku wako. Kumbe ni wake, mtagaji wake, Baltazari alimkamata siku ile bila kumuuliza. "Ametaga?" akaniuliza. Nikakiri nimekula mayai. Akacheka. Kidogo, kwa pua tu. Uani mazungumzo yakakatika ghafla.


Alhamisi, 27 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Loth katuma neno, lori linageuza mchana huu, yeyote anayerudi mjini awe barabarani. Mimi siendi. Sindano ni za wiki nzima, siku moja nachoma, moja nampumzisha — kama nitachoma. Nimeomba pa kulala, wakanipa kwa bibi mmoja kiziwi. Tunaelewana.

Sindano bado. Baltazari kasema hakatai, lakini hawezi kuamua peke yake jambo ambalo ukoo umelifunga. Kaenda kwa baba zake wadogo. Ndugu wa mbali wameanza kufunga mizigo, wanauliza kwa sauti za chini waje lini tena. Nimechemsha sindano, nimeifunika. Nimetoa kichupa cha manjano, nimekirudisha.

Otilia amekaa mlangoni na kuku mapajani, anatazama shamba. Jirani wanapanda. La kwao halijaguswa. Nikajizuia nisiseme lolote, na kwangu kunyamaza ni kazi kuliko upasuaji. Kisha, bila kugeuka, Otilia akamwambia mama yake aende kwa Debora amwombe jembe.

Mama akasimama katikati ya chumba. "Kuazima?"

"Langu," Otilia akasema.

Mama akatoka na mvua ile, bila kanga kichwani. Uani kila mtu alimwona anakoelekea.

Kijito kimejaa. Amekawia. Debora ni mtu wa maneno, wamenieleza. Huenda amekataa, huenda amepiga yowe, huenda ameshalipanda shamba lake kwa jembe lile na hataki kuliachia.

Sasa naona watu njia zote mbili. Upande wa kijito mama anapanda, ana kitu begani, mvua inanizuia kuona ni nini. Upande wa juu ni Baltazari na wazee wenye makoti, wanakuja polepole, mmoja mmoja, namna watu wanavyokwenda kuleta jibu. Watafika pamoja.

Otilia amenipa kuku nimshike. Amesimama, ameshika mwimo wa mlango. Anakunja mkono wa gauni, taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Sijui ni kwa ajili ya jembe au ya sindano. Sijathubutu kumuuliza. Wanabisha hodi.